Darajani Hakuna Daraja: Maswali Yenu Kuhusu Majina ya Mahala

Assalaam alaykum wasomaji wetu. Mwezi uliopita nliandika humu kuhusu filamu moja ilopigwa Nungwi nikaiita "bongo muvi nzuri", basi mkanijia juu, na haki mnayo, waigizaji wote wa Unguja na Pemba, bahari yetu, ngalawa zetu, sasa Bongo imeingilia wapi hapo. Kutoka kwenye neno hilo moja yamekuja maswali chungu nzima yanayofanana, yani jina la mahala linavotoka kwenye ramani likawa jina la kazi nzima, kwaio mwezi huu nayajibu haya tu. Wale wa mirathi na wa mikopo ya vikundi nistahmilini, zamu yenu mwezi ujao inshallah.

Shkamoo mwalimu. Nasoma fomu foo skuli moja hapa mjini. Barazani kwetu tunabishana, mwenzangu anasema Hollywood ni kampuni, mie nasema ni mtaa. Nani sawa? Na kwa nini kila nchi siku hizi ina "wudi" yake? – Msomaji, Kikwajuni

Marahaba mwanangu. Uko sawa wewe, Hollywood ni mtaa, tena ni mtaa wa mji wa Los Angeles kule California kama Kikwajuni yenu ilivo mtaa wa hapa mjini, hakuna kampuni yenye jina hilo inayotoa filamu zote zile.

Na mwanzo wake hauhusiani na sinema hata kidogo. Mwaka 1887 bwana mmoja akiitwa Harvey Wilcox na mkewe Daeida walikata viwanja kwenye shamba lao wakapaita Hollywood, jina alichagua mke, na walikuwa watu wa dini, walitaka pakae watu walotulia na pombe isiuzwe. Mwaka 1903 pakawa mji wenye serikali yake, 1910 pakajiunga na Los Angeles mana walikuwa wanahitaji maji ya Los Angeles. Sinema wakati huo zikipigwa zaidi New York na New Jersey, huko baridi kali na mawingu miezi mingi, na filamu za zamani zile zilitaka jua hasa ndo picha itoke. Alafu kulikuwa na Thomas Edison na wenzake, wameshikilia hataza, yani haki za kisheria za uvumbuzi, za kamera na mitambo, 1908 wakaunda umoja wao, ukipiga sinema bila kuwalipa unapelekwa mahakamani, kwaio wapiga sinema wadogo wadogo wakaona bora wende mbali. California jua mwaka mzima, ardhi rahisi, asubuhi unapiga jangwani mchana mlimani jioni ufukweni. Studio ya kwanza ndani ya Hollywood yenyewe ilifunguliwa 1911, na baada ya miaka kumi tu pale pamejaa.

Sasa jina lilishikaje? Kwa sababu watu walihitaji neno moja. Mwandishi wa gazeti hawezi kila siku kuandika "makampuni ya sinema ya Marekani pamoja na waigizaji wao na matajiri wao", pumzi zinamkatika, anaandika Hollywood na kila mtu kamuelewa. Ni vile vile sie tunavosema "Chukwani wamepitisha" tukikusudia Baraza la Wawakilishi, au "Kisiwandui wameamua" tukikusudia chama cha CCM, hakuna anaedhani kwamba nyumba za Kisiwandui zimekaa kikao. Na lile bango kubwa la mlimani unaloliona kwenye muvi, liliwekwa 1923 kutangaza viwanja vya kuuza, likisomeka HOLLYWOODLAND, mwaka 1949 ndo wakaondoa herufi nne za mwisho. Tangazo la viwanja likageuka alama ya sinema dunia nzima!

Lakini kitu nnachotaka ukamwambie mwenzako barazani ni hiki, studio kubwa nyingi hazimo Hollywood. Warner na Disney wako Burbank, Universal wana eneo lao wenyewe la Universal City, Sony wako Culver City. Katika wale wakubwa wa zamani alobaki mle mle mtaani ni Paramount. Kwaio watu wa Burbank wanapiga kazi usiku na mchana na sifa inakwenda mtaa wa jirani. Likumbuke hili, mana ntalirudia huko chini kwenye swali la dadaetu wa Pemba na huko ndo linaniuma zaidi.

Za "wudi" sasa. Hilo neno kwa Kiingereza ni mti au msitu tu, halina maana ya sinema, ila watu wamelikata wakalifanya mkia wa kubandika. Wahindi wameanza zamani, Kolkata kuna eneo la studio linaitwa Tollygunge, basi miaka ya 1930 tayari likaitwa Tollywood, Bombay ikafuata na Bollywood. Mji wenyewe ulibadilishwa jina ukawa Mumbai tokea 1995 na hakuna aloigeuza Bollywood ikawa Mollywood, ile B imeganda. Wazee wetu waliokuwa wakipanga foleni Majestic ya Vuga na Cine Afrique kuangalia picha za Kihindi hawakuwa wakisema Bollywood wakati huo, wakisema "picha ya Kihindi" basi. Nigeria nako, kazi ilianza kushamiri mwanzoni mwa miaka ya 90 kwa wauza kanda wa soko la Idumota mjini Lagos, wao ndo walokuwa wakitoa pesa za kupigia filamu, na jina Nollywood likaja kuchapwa kwenye New York Times 2002, yani miaka kumi watu wanafanya kazi ndo jina linakuja, tena kutoka nje.

Bongo nako hakuna mahala palipoandikwa hivo kwenye ramani. Ni jina la utani la Dar es Salaam kwamba bila ubongo mjini hapaliki, baadae likawa Tanzania nzima, muziki ukawa Bongo Fleva na filamu Bongo Muvi. Na vijana wetu wa hapa wakaona wasimezwe, wakasema Zenji Fleva. Mie naunga mkono, na ile filamu ya Nungwi nairekebisha rasmi hapa, ni filamu ya Zanzibar.

Mwalimu hodi. Mtoto wangu kamaliza chuo mambo ya kompyuta, anasema anatafuta kazi "Silicon Zanzibar" huko Fumba. Hii silikoni ni kitu gani, na jina hili limetoka wapi mpaka likafika Fumba? – Mama wa watoto wanne, Mwanakwerekwe

Karibu bibie. Silikoni inatokana na mchanga. Naam, mchanga huu huu, unachomwa kwenye matanuri ya moto mkali unasafishwa mpaka inapatikana silikoni safi, inakatwa vipande vyembamba kama kaki za biskuti, na juu yake ndo vinachorwa vile vijidude vinavoendesha simu na kompyuta. Kwaio ukifikiri, Mchangani yetu pale tunaponunua vitambaa na hilo bonde la Marekani, majina yao ni ndugu.

Bonde lenyewe kwa jina lake la kweli ni bonde la Santa Clara, kusini ya San Francisco, na zamani lilikuwa mashamba ya matunda tupu. Hapo pana chuo kikuu cha Stanford, na mwaka 1956 mwanasayansi William Shockley akaenda kufungua maabara yake upande huo, mji wa Mountain View. Alikuwa mjuzi mkubwa lakini kukaa nae kazini kazi, mwaka wa pili tu vijana wake wanane wakaondoka pamoja wakaanzisha kampuni yao, Fairchild, 1957, na kutoka Fairchild watu wakazidi kuchomoka kufungua za kwao, wawili katika wale wanane ndo walokwenda kuanzisha Intel 1968. Yani ni kama mgomba, unatoa vichipukizi pembeni, kila kichipukizi nacho kinatoa vyake. Alafu ndo mwandishi wa gazeti la mambo ya elektroniki, Don Hoefler, mwaka 1971 akaandika makala akaliita Silicon Valley, bonde la silikoni. Hesabu mwenyewe, 1956 mpaka 1971, miaka kumi na tano watu wanachapa kazi bila jina.

Sisi tumeanza na jina. Mwaka 2022 ulitangazwa mpango wa Silicon Zanzibar wa kuvutia kampuni za teknolojia zije kuweka makao hapa, na Fumba ndo ikatajwa kuwa kitovu chake. Hatuko peke yetu, Kenya wanajiita Silicon Savannah, Scotland nao wana bonde lao la silikoni, jina limekuwa kama chanuo, kila mtu anataka lipite kichwani mwake. Mie silipingi, kijana wetu akipata kazi Fumba bila kuvuka bahari ntafurahi kuliko mtu yeyote, lakini nakuomba umwambie mwanao asiende kulitafuta jina, atafute watu. Atafute nani pale anafanya kitu kweli, akae nae hata kwa kujitolea miezi mitatu ajifunze, mana kule California kilichofanya kazi ni wale vijana kujuana, kuhama kampuni hii kwenda ile na ujuzi wao kichwani. Na mwambie asione haya kuwa ni wa Mwanakwerekwe, bonde lile nalo lilikuwa ni mashamba ya matunda tu.

Ami, mie nna duka Darajani mwaka wa kumi na mbili huu. Wageni wananiuliza daraja liko wapi, sina jibu. – Muuza vyombo, Darajani

Daraja lilikuwepo mdogo wangu. Hapo mbele ya duka lako unapopita barabara kubwa ambayo wazee mpaka leo wanaiita Kriki Rodi palikuwa na hori, mkono wa bahari ukiingia ndani, maji yakijaa upande huu ni Mji Mkongwe na upande ule ndo Ng'ambo, yani ng'ambo ya maji, na hili jina nalo limebaki wakati hakuna tena maji ya kuvuka. Daraja likiunganisha pande mbili. Soko likajengwa 1904 hapo hapo penye njia ya watu wote, jambo la akili kabisa, mwenye kutoka shamba na mwenye kutoka mjini wote lazima wapite. Baadae Waingereza wakalifukia lile hori, daraja halina kazi tena likaondoka, na jina likabaki na soko.

Mgeni akikuuliza tena mwambie hata kwao iko hivo. Wall Street ya New York, ambayo kwenye habari ndo jina la mabenki yote na soko zima la hisa la Marekani, maana yake ni mtaa wa ukuta, Waholanzi walijenga ukuta pale 1653, ukuta umeshavunjwa zaidi ya miaka mia tatu. Mawakala ishirini na nne wakakubaliana masharti yao ya biashara kwenye mtaa huo 1792, soko la hisa likaanzia hapo. Na Fleet Street ya London ni zaidi ya hapo, Fleet ni jina la mto ambao umefunikwa unapita chini ya ardhi, mtaa ukawa ndo makao ya magazeti makubwa ya Uingereza, tokea 1986 magazeti yakaanza kuhama moja moja mpaka yakaisha, na hadi leo mtu akisema Fleet Street anakusudia waandishi. Mto hauonekani, magazeti hayapo, jina lipo.

Kwetu sie angalia Forodhani. Forodha ni mahala pa kutozwa ushuru wa mizigo, leo mtoto wa Zanzibar ukimwambia Forodhani kinachomjia ni pweza, mishikaki, juisi ya miwa na moshi wa mkaa jioni. Lakini hilo la ushuru lishikeni, nalirudia.

Bibi yangu akiniita kwenda kununua kitambaa cheupe cha sanda au cha kutandikia anasema "merikani". Ni kampuni gani hiyo? – Msomaji, Jang'ombe

Mwenyezi Mungu amzidishie umri bibi. Sio kampuni, ni Marekani, nchi. Karne ya 19 meli za mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, zilikuwa zinakuja hapa kwa wingi, wakafunga mkataba na Sultani Sayyid Said 1833 na wakaweka balozi wao mdogo hapa 1837. Wakileta kitambaa cha pamba kigumu kisichopakwa rangi, kinafuliwa hakichakai, watu wakakipenda mpaka bara ndani huko kikawa kama pesa, mpagazi analipwa kwa mikono ya merikani. Ikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe kule kwao, 1861 mpaka 1865, pamba ikakatika, Bombay nao wakaja kuifuma aina ile ile, na ikaendelea kuitwa merikani hivo hivo ingawa imetoka India. Bibi yako anabeba historia yote hiyo kwenye neno moja anapokutuma dukani!

Na wale Wamarekani wakirudi walikuwa wanabeba pembe za ndovu zilizotoka bara kwa mateso makubwa ya watu wetu, zikienda kukatwa vibao vya kubonyezea piano. Huko jimbo la Connecticut kuna kijiji kilichokuwa na kiwanda cha kazi hiyo, kikaitwa Ivoryton, maana yake mji wa pembe. Yani kijiji cha Marekani kimepata jina kwa mzigo ulopakiwa bandari yetu, na kwenye jina lake hakuna hata herufi ya kumkumbuka alobeba zile pembe kichwani kutoka bara mpaka pwani.

Assalaam alaykum mwalimu. Mie mtoto wa mkulima wa Mtambwe, Pemba. Mikarafuu tunapanda sie, tunachuma sie, wanaoanguka juu yake na kuvunjika ni ndugu zetu, lakini dunia nzima zinaitwa karafuu za Zanzibar na mtu wa nje akisikia Zanzibar anaona Mji Mkongwe. Nataka nifungashe karafuu vifuko vidogo vya wageni. Niandike jina gani? – Dada, Mtambwe

Waalaykum salaam warahmatullah dadaangu. Swali lako nimelisoma mara tatu na nitalijibu kwa urefu, wengine mnisamehe.

Mamaangu ni mtu wa Pemba, udogoni msimu wa karafuu tukipelekwa kwa bibi. Mchana watu juu ya miti, jioni mapakacha yanashushwa ukumbini na hapo ndo kazi ya sie watoto na wanawake inaanza, kuchambua. Unashika kishada kwa mkono mmoja unakisugua kwenye kiganja cha pili, karafuu zinadondoka kwenye mkeka, makonyo unatupa upande wako wa nyuma. Taa ya chemli katikati, hadithi zinapigwa, vidole vinanata utomvu mpaka ukila wali unasikia karafuu, ukilala shuka linanuka karafuu. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, za kijani na nyekundu nyekundu, siku ya tatu ya nne zimeshakuwa kahawia zinalia kama changarawe ukizitia mkononi, na kilo tatu mbichi zimebaki kama kilo moja. Kikitokea kiwingu tu bibi anapiga ukelele "mvua!" na kila mtu, hata aliokuwa anasali sunna, anatoka mbio kukunja majamvi, mana karafuu ikirowa inaota ukungu na bei imekwenda. Bibi alifanya hivo maisha yake yote na nadhani Mji Mkongwe alifika mara moja, alipoletwa hospitali Mnazi Mmoja.

Miaka mingi baadae nikawa Muscat, sokoni, nikaona gunia la karafuu lipo wazi na muuzaji ananambia kwa fahari, Zinjibar, Zinjibar. Nikachukua chache nikazisugua nikanusa, na wallahi nilichokiona si Zanzibar mjini, niliona ukumbi wa bibi. Nikamwambia hizi za Pemba. Akanambia hapana, Zinjibar.

Sasa ilikuwaje. Karafuu kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia, Wafaransa wakazipeleka Mauritius na Réunion karne ya 18, na mwanzoni mwa karne ya 19 zikafika Unguja. Sayyid Said ndo aloshikilia kwa nguvu zipandwe, mashamba yakajaa Unguja kwa jasho la watumwa, hili lisemwe kila karafuu inapotajwa. Wakati huo jina karafuu za Zanzibar lilikuwa kweli. Lakini mwaka 1872 kikapiga kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tokea hapo mpaka leo wenye karafuu hasa ni nyie. Jina halikuhama. Halikuhama kwa sababu karafuu za Pemba zilikuwa lazima zije kupita Unguja, kwenye ile forodha nlokwambieni huko juu, zitozwe ushuru, zipimwe, zipigwe chapa, ndo zipakiwe melini. Mnunuzi wa Bombay au London hakuwahi kuiona Mtambwe, aliona karatasi yenye muhuri wa Zanzibar.

Nendeni mkaangalie kahawa mtaona yayo hayo. Mokha ni bandari ya Yemen, hapo pwani joto na mchanga, hauoti mbuni hata mmoja, kahawa ikishuka kutoka milimani kwa ngamia inapakiwa Mokha, na dunia ikaita kahawa moka. Wakulima wa kule juu milimani nani anayajua majina ya vijiji vyao? Bandari yenyewe ikaja kufa, Aden ikaichukulia biashara, na moka leo ni kahawa yenye chokoleti kwenye mahoteli ya Nungwi na Paje, anaekunywa hajui kama ni mji. Ndo nnachokiona mie katika maswali yote haya ya mwezi huu, jina linashika mlangoni, pale mzigo unapotokea na pesa zinapohesabiwa, alokuwa ndani shambani hatajwi. Burbank, Mtambwe, ni mambo yale yale, na kwangu mie si sawa, mana jina ni pesa. Mtalii anakuja Unguja anatembezwa mashamba ya viungo Kizimbani, ananunua kifuko, anarudi kwao, Pemba hakuisikia hata kwa bahati mbaya.

Kuna waliolipigania hili wakafanikiwa. Wahindi na chai yao ya Darjeeling, milima ile midogo, wamesajili jina hilo kisheria, mtu akiotesha chai mahala pengine hana ruhusa ya kuiita hivo. Zanzibar nasi sheria ya mambo ya namna hiyo tunayo tokea 2008 na usajili wa majina na alama unafanyika BPRA, yani wakala wa serikali wa kusajili biashara na mali, wana ofisi, nenda kaulize, kuuliza si pesa.

Kwaio kifuko chako andika hivi, juu kabisa kwa herufi kubwa MTAMBWE, chini yake karafuu za Pemba, na mstari wa mwisho Zanzibar. Usiiache Zanzibar, hilo jina limejengwa kwa miaka mia mbili na bibi zako wamo ndani yake, litumie likuvutie mteja, lakini liwe chini likibeba, Mtambwe iwe juu ikionekana. Nyuma ya kifuko andika mwezi zilipochumwa na kwamba zimeanikwa juani kwenye majamvi, wageni wanapenda kujua na ni kweli. Kabla ya yote nenda ZSTC, shirika la biashara la serikali linalonunua karafuu, uulize taratibu, mana unajua mwenyewe biashara ya karafuu ina sheria yake na sitaki ukamatwe kwa magendo kwa vifuko vya gramu hamsini, omba kibali cha rejareja kwa maandishi. Na makonyo usitupe, kile kiwanda cha Wawi kinayakamua mafuta, ulizia nako.

Ukipiga chapa ya mwanzo nitumie picha ya kifuko kwa anuani ya jarida, ntaiweka ukurasa huu huu, kubwa, ili yule muuzaji wa Muscat akija kuliona gazeti letu alisome lile neno la juu.